Duara la Mama Mdogo

Jumatatu, 3 Machi

Binti wa ustawi wa jamii amesema kila mlezi aandike shajara mpaka muhula ufungwe. Nikamuuliza kama ataisoma. Akasema hapana, ni ya kwangu mwenyewe, ya kunisaidia kufikiri. Nikamwambia mimi hufikiri nikiwa na nyundo mkononi, na mpaka leo hakuna kochi lililolalamika. Alicheka, lakini daftari aliliacha mezani.

Basi naanza. Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba, kwa hiyo mgeni akija kwetu hupita kwanza katikati ya sponji, springi na makochi ya watu yaliyovuliwa nguo. Mume wangu ni mwoka mikate. Hutoka alfajiri na kurudi mchana akiwa na unga kwenye nyusi. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, anaishi nasi, na kazi yake ni kuendesha nchi nzima akiwa amekaa. Sisi wawili hatukujaliwa mtoto. Tangu mwaka jana tunamlea binti wa miaka kumi na mmoja aliyefiwa na mama yake. Tunamwita Wakili, kwa sababu hakuna neno utakalomwambia asilipinge. Ukimwambia akalale, anataka kujua ni kwa sheria ipi.

Siku aliyofika, mama mkwe alimwita mjukuu, naye kesho yake akaitikia "Bibi". Mume wangu ni "Mzee". Mimi ni "Fundi". Shikamoo Fundi. Fundi, nimemaliza vyombo. Utadhani nimekuja kuziba bomba. Nilimwambia aniite apendavyo, naye akanitii, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Muhula ukifungwa, mwanzoni mwa Mei, kamati ya ustawi itakaa na kuamua kama atabaki kwetu moja kwa moja au atapelekwa kwingine. Nimeliandika hilo ili nisijifanye silijui.

Jumatano, 5 Machi

Mvua imeanza. Gundi ya kochi la daktari wa meno haikauki.

Jumamosi, 8 Machi

Binti wa ustawi kaja na mwavuli uliovunjika mbavu na karatasi kubwa iliyokunjwa. Akaitandaza kwenye meza yangu ya kukatia kitambaa na kutuita wote. Anachokitaka kinaitwa jenogramu.

"Unatibika?" akauliza mama mkwe.

"Si ugonjwa, Bibi. Ni mchoro wa familia. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Mume na mke unawaunganisha kwa mstari, watoto wananing'inia chini yao. Halafu tunaonyesha mahusiano. Mistari miwili, watu wanapendana sana. Nukta nukta, wako mbali. Zigizaga, kuna ugomvi."

Kamati, alisema, haiwezi kumwelewa mtoto bila kuelewa nyumba anayolelewa. Akaanza kuchora. Mama mkwe akalalamika kwamba duara lake ni dogo kuliko langu. Likakuzwa. Kisha binti wa ustawi akachora mraba wa marehemu baba mkwe, akaupiga alama ya kosa, kona kwa kona.

"Wewe!" Mama mkwe alisimama, jambo ambalo halifanyi hata kwa wageni. "Mume wangu unampiga kosa? Kakosea hesabu gani?"

"Bibi, ndiyo alama ya marehemu. Dunia nzima wanaitumia."

"Basi dunia nzima haina adabu."

Wakili alikuwa pembeni. Ndipo aliposema, kwa sauti ndogo ambayo siijui, "Hata mimi sitaki. Mama asipigwe kosa."

Mama mkwe akampokonya binti wa ustawi kifutio, akafuta ile alama mwenyewe mpaka karatasi ikachubuka, halafu akapiga kistari kimoja kifupi chini ya mraba. "Kakaa," akasema. "Kachoka, kakaa. Na mama wa mjukuu wangu naye kakaa." Binti wa ustawi alitazama vitabu vyake vyote kichwani, hakuona pa kukataa.

Kisha zamu yetu. Mraba wa mume wangu, duara langu, mstari. Chini ya mstari pakawa peupe. Binti wa ustawi akasema polepole kwamba kuna alama ya pembetatu ndogo, kwa mimba iliyotoka, kama tunataka. Nikamwambia aweke mbili. Mume wangu akaniwekea mkono mgongoni, mkono wenye unga, na kuuacha hapo. Sikujua kwamba pembetatu mbili za penseli zinaweza kumfanya mtu ajisikie amehesabiwa. Nilifurahi, na nikalia kidogo, na mama mkwe akasema ni vumbi la sponji.

Wakili akachorwa mwisho, chini yetu, kwa mstari uliokatikakatika.

"Mbona wangu umekatwa hivi?"

"Ni alama ya mtoto wa kulelewa."

"Kama ile ya katikati ya barabara? Ile inayoruhusu gari lingine kupita?"

Binti wa ustawi akatuachia kazi: tukae kama familia, tuchore upya na kuweka mistari ya mahusiano, na Wakili achore upande wa kwao. Atakuja kuchukua.

Jumanne, 11 Machi

Mteja kaleta kochi lililokojolewa na paka. Kasema ni chai.

Ijumaa, 14 Machi

Wakili kanisaidia kung'oa pini baada ya shule. Anazing'oa vizuri, bila kuchana mbao. Bila kuinua macho akaniuliza, "Fundi, ule mchoro, mtu akiachwa nje kuna kosa?"

"Inategemea mtu."

"Mama mdogo."

Nikaweka nyundo chini. Faili lote la mtoto huyu linasema hana ndugu. Bibi yake alikwishafariki, baba hajulikani, mama ndiye huyo aliyekaa. Kumbe mama yake ana mdogo wake, wa tumbo moja, mzima wa afya, anafanya kazi kwenye kiwanda cha soda ng'ambo ya mji.

"Usimchore," akasema. "Wakimchora watanipeleka kwake."

Na hapo, shajara, sitakudanganya: moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilisikia tu kwamba mtoto anataka kubaki. Nikachukua nyundo na kuendelea na kazi, sikujibu ndiyo wala hapana, na jioni nikaimba jikoni mpaka mama mkwe akauliza nani anaoa.

Jumapili, 16 Machi

Leo tumechora. Mume wangu alileta mkate wa moto kutoka kazini tuchore tukila, kwa hiyo upande wa kushoto wa familia una mafuta.

Mama mkwe ndiye aliyetoa wazo, nasi tukamfuata kama kondoo. "Wanatupima," alisema. "Mtu akipimwa anasimama wima." Basi tukasimama wima. Mimi na mume wangu, mistari miwili. Mimi na mama mkwe, mistari miwili, ingawa asubuhi tulikuwa tumenuniana kwa ajili ya sufuria. Tukafika kwa wifi.

Wifi ni dada wa mume wangu, muuza dawa, anakaa mtaa wa pili tu. Hajakanyaga hapa kwa miaka mitatu. Nilimtengenezea kochi, nikalivika kitambaa cha zambarau nilichokichagua mwenyewe kwa mapenzi yangu yote, naye akasema mbele ya wageni wake kwamba linafaa kwa msiba. Nikamjibu kwamba linamsubiri yeye. Ndivyo ilivyokuwa.

"Mistari miwili," akasema mama mkwe.

"Mama," akasema mume wangu.

"Mistari miwili! Ni binti yangu, ni mkwe wangu. Wanapendana, ila hawajui."

Wakili alitutazama mmoja mmoja. Upande wa kwao akachora bibi aliyekaa, mama aliyekaa, na mraba wa baba wenye alama ya kuuliza ndani. Pembeni ya mama hakuchora mtu. Mimi niliona, nikamkatia kipande kingine cha mkate.

Jumanne, 18 Machi

Binti wa ustawi kauchukua mchoro. Kausifu kwa usafi.

Alhamisi, 20 Machi

Maji yamezidi unga. Mchana, mvua ikimwagika, mlango wa karakana ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia wifi, kalowa chapa, na koti lake jeupe la duka la dawa limeganda mwilini.

"Nimepigiwa simu na ustawi," akasema, bila salamu. "Wananiambia wamefurahi kusikia mimi na wewe ni chanda na pete. Wanataka niwe mtu wa kukusaidia malezi. Mistari miwili, wanasema. Tangu lini, wifi?"

"Tangu Jumapili," nikasema.

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Ndiyo ilikuwa kweli. Kicheko kikamponyoka wifi puani, akajaribu kukirudisha, kikakataa. Na mimi nikacheka. Tukacheka tukiwa tumesimama, kila mmoja akijitahidi kubaki na hasira zake, na mama mkwe akipiga kelele kutoka sebuleni, "Nilisema mimi!"

Nilimpa taulo. Alikaa juu ya kochi la mteja wa paka, sikumwambia. Tukazungumza hadi mvua ikapungua. Nikajikuta namwambia habari ya mama mdogo, ambayo sikuwa nimemwambia hata mume wangu.

Wifi akaacha kujipangusa. "Kwa hiyo huko kiwandani yupo mtu hajui mtoto wa dada yake alipo."

"Mtoto mwenyewe hataki."

"Mtoto hataki hata kuoga. Wewe unataka nini?"

Nikamwambia nataka abaki. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Wifi akanitazama, safari hii bila ukali, akasema, "Hilo najua. Ndiyo maana nakuuliza."

Ijumaa, 21 Machi

Binti wa ustawi karudi na mchoro wetu. Akautandaza na kutabasamu.

"Nimefanya kazi hii miaka mingi," akasema. "Familia isiyo na zigizaga hata moja sijaiona. Au mmeshushwa kutoka mbinguni, au mmenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Kila mtu akatazama upande wake. Wakili akachukua penseli nyekundu bila kuombwa. Mimi na wifi, zigizaga. Akafikiri kidogo, akaongeza mstari mmoja ulionyooka kando yake. "Tangu jana," akaeleza. Mimi na mama mkwe, mistari miwili na zigizaga ndogo, "ya asubuhi tu". Mama mkwe na televisheni, mistari mitatu. Binti wa ustawi alikuwa akicheka mpaka machozi, na mimi nilikuwa najiona nimekaa uchi sokoni, lakini mchoro ule ulikuwa sisi wenyewe, na wa kwanza haukuwa.

Kisha akageukia upande wa kwao. "Na mama yako hakuwa na ndugu kabisa?"

Wakili akanitazama mimi.

"Hakuwa," akasema.

Na mimi nikatazama meza. Binti wa ustawi akafunga mkoba, akaaga, akaenda. Mama mkwe, ambaye anajua harufu ya neno lililofichwa, akasema kwa mazoea, "Mficha uchi hazai." Alipogundua amelisema nyumbani kwa nani, akashika mdomo kwa mikono miwili. Nikamwambia asijali. Lakini methali ilikuwa imeshafika ilipotumwa.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia mume wangu yote. Yeye si msemaji. Alikanda unga wa nyumbani kwa muda mrefu, kisha akasema, "Tukimpata kwa kumficha, tutamficha mpaka lini?" Akaendelea kukanda.

Nikamwita Wakili karakanani. Nikamwambia kesho nitampigia simu binti wa ustawi nimwambie kuhusu mama mdogo.

"Uliniahidi!"

"Sikuahidi. Nilinyamaza."

"Kunyamaza ni kukubali."

"Basi nilikubali, na nilikosea. Mtu mzima anakosea, anarudi."

"Hakunitafuta!" Alipiga ngumi mto wa kochi, vumbi likaruka. "Mama alipozikwa alinishika mkono, akasema nitakuja. Hakuja. Mtu asiyekutafuta humchori. Na wewe unataka kunipeleka kwake kwa sababu mimi ni mstari wa kukatikakatika."

Nilitaka kumkumbatia, akarudi nyuma. Nikasema niliyoyaweza: kwamba simpeleki popote, kwamba nalala nikiogopa ataondoka, lakini sitaki abaki kwetu kwa sababu sisi tulifunga mlango mwingine. Kwamba huenda mama mdogo hakumtafuta, na huenda alimtafuta, na swali hilo atazeeka nalo kama hatuliulizi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Umemaliza, Fundi?" akatoka.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepiga simu. Binti wa ustawi hakunigombeza. Ingekuwa nafuu kama angenigombeza.

Jumatano, 26 Machi

Hasemi nami. Mvua.

Ijumaa, 28 Machi

Hasemi. Anamtuma mama mkwe: "Bibi, mwambie Fundi nahitaji penseli." Nimesimama hapo hapo.

Jumatano, 2 Aprili

Leo kasema "chumvi". Nikampa chumvi kama mtu aliyepewa zawadi.

Jumamosi, 5 Aprili

Amepatikana. Hakuwa mbali na hakuwa amejificha. Baada ya mazishi alirudi kazini kuomba ruhusa, na aliporudi kumchukua mtoto akakuta chumba kimepangishwa, na mpangaji mpya akamwambia mtoto kachukuliwa na ndugu wa upande wa baba. Akawatafuta ndugu wa baba. Mraba wenye alama ya kuuliza! Miezi yote hiyo anatafuta watu ambao hakuna anayejua majina yao. Binti wa ustawi alinieleza kwa simu, kisha akaongeza kwa upole kwamba nijiandae, maana kamati hutazama damu kwanza.

Nikaenda kupiga pini kochi zima. Nimeziweka nyingi mno.

Jumamosi, 12 Aprili

Amekuja. Nilitegemea mwanamke wa makamo wa kunishindania. Akaingia msichana mwembamba wa miaka ishirini na kitu, bado na buti za kiwandani, kabeba kreti la soda ambazo lebo zake zimebandikwa upande. "Hizi haziuzwi," akasema, "lakini ndani ni zile zile." Akatuamkia wote, akasimama katikati ya karakana kama mtu asiyejua aweke wapi mikono.

Wakili hakuwepo. Tuliita. Mama mkwe akanionyesha kwa macho kochi kubwa la daktari wa meno, lililosogezwa kutoka ukutani, na kidole cha mguu kilichojitokeza nyuma yake.

Msichana yule aliona. Hakwenda kumvuta. Akakaa juu ya kochi lile lile, akaangalia mbele.

"Kochi hili linapumua," akasema.

Kidole kikarudi ndani.

"Nimekutafuta," akaliambia kochi.

"Wapi?" likauliza kochi.

Akaeleza: kwenye chumba cha zamani, shuleni, kituo cha polisi.

"Shuleni uliongea na nani?"

"Mwalimu mkuu. Yule mwenye miwani ya kamba."

"Rangi ya kamba?"

"Kijani. Alisema umehamishwa, hajui wapi."

Kochi likafikiri. "Mbona hukurudi siku ile ile?"

Hapo msichana akageuka nyuma. "Kwa sababu ningefukuzwa kazi, nikupeleke wapi? Nilidhani siku chache hazitaharibu kitu. Ziliharibu. Nilikosea, mwanangu."

Sote tulikuwa tumesimama kama mahakamani. Mume wangu alishikilia mkate ambao hakuna aliyemwomba. Kisha Wakili akatoka nyuma ya kochi, nywele zimejaa nyuzi za sponji, akasimama mbele ya mama yake mdogo na kusema, "Kamba ni ya kijani kweli." Akajitupa shingoni kwake.

Niliingia jikoni nikalia, kwa furaha na kwa wivu, kwa kiasi sawasawa. Wifi, aliyekuja "kupita tu", akanikuta. Akaanza kufungua soda kwa meno.

Jumanne, 15 Aprili

Kaanza kusema nami tena. Anasema mno.

Jumamosi, 19 Aprili

Wakili kaenda kulala kwa mama mdogo. Ni chumba kimoja, safi, kitanda kimoja. Kwa hiyo juzi nilishona godoro jembamba la kukunja, sponji nzuri niliyoiweka akiba, na pembe nilizipiga mshono mara mbili. Nikiwa katikati ya kazi nikagundua ninachokifanya: ninamshonea mtoto kitanda cha kuondokea. Nikaendelea. Fundi akiharibu kwa makusudi si fundi.

Nyumba imepoa. Hakuna aliyepinga chochote tangu asubuhi. Mama mkwe kaiacha televisheni imezimwa, anasema anaumwa, na mahali panapouma hapaonyeshi. Watu wa mtaani husema mwana wa mwenzio mkubwa mwenzio. Mimi sijui ni mkubwa mwenzangu au vipi, najua tu kwamba nimepakua sahani moja zaidi.

Jumapili, 20 Aprili

Karudi. Kafika tu kauliza nani kagusa penseli zake.

Ijumaa, 25 Aprili

Mama mdogo kaja akiwa na usingizi wa zamu. Kalala kwenye kochi la mteja. Mama mkwe kamfunika.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua zinakatika. Kikao ni Jumatatu. Nimemuuliza mama mdogo anataka nini, akasema, "Namtaka. Nikisema simtaki nitakuwa mwongo." Nikamwambia mimi pia. Tukakaa hapo, wawili tunaomtaka mtoto mmoja, tukinywa soda zenye lebo upande.

Jumatatu, 5 Mei

Niandike yote kabla sijalala, ingawa nyumba ina kelele kama soko.

Chumba cha kikao kina meza ndefu na viti vya kukalia kwa toba. Sponji imekufa zamani. Wajumbe watano, na mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye sauti nzito. Tulikaa mstari mmoja: mimi, mume wangu, mama mkwe ambaye hakualikwa, wifi, mama mdogo, na Wakili mwenye soksi zilizonyooka. Binti wa ustawi akatandaza mchoro. Sasa ulikuwa na duara la mama mdogo, pembeni ya duara la mama aliyekaa, na mistari miwili kutoka kwake hadi kwa Wakili. Mstari wetu sisi ulikuwa bado wa kukatikakatika.

Mwenyekiti akasoma, akavua miwani. "Sheria inatazama damu kwanza. Kabla hatujampeleka mtoto kwa watu wengine, tunauliza kama kuna ndugu. Hapa yupo. Binti, unaweza kumchukua?"

Mama mdogo akasimama. Mikono akaificha nyuma. "Mheshimiwa, ningependa. Lakini wiki moja naingia kazini usiku, wiki moja mchana. Chumba ni kimoja. Nikimchukua sasa atakuwa analala peke yake, anaamka peke yake. Naomba akae kwa dada. Likizo na siku zangu za mapumziko aje kwangu."

"Dada yupi?" Mwenyekiti akainamia mchoro. "Hapa ulikuwa na dada mmoja, naye ni marehemu."

Mama mdogo akanigeukia. Hakuwa amepanga, nilimwona usoni. "Huyu," akasema. "Huyu ni dada yangu."

Nilishika ukingo wa kiti. Mwenyekiti akasema kwa wema kwamba kuitana dada ni jambo zuri, lakini mchoro hauna nafasi ya adabu. Na hapo Wakili akanyoosha mkono kama yuko darasani, kisha akasimama bila kusubiri.

"Naomba kuuliza, Mheshimiwa. Dada mkubwa wa mama yangu mdogo, mimi namwita nani?"

"Mama mkubwa, bila shaka."

"Na mama mkubwa ni mtu mwingine?"

"Hapana. Mama mkubwa ni mama."

"Mama mdogo ni damu?"

"Ni damu."

"Na damu imesema mbele yenu wote kwamba huyu ni dada yake. Sasa nani hapa ana haki ya kumwambia hajui dada zake?"

Mjumbe mmoja akakohoa ili asicheke. Mwenyekiti akamtazama binti wa ustawi. "Kuna alama ya jambo hili?"

"Hakuna, Mwenyekiti."

Wakili alikuwa ameshaifikia meza. Akachukua penseli, akaupita ule mstari wa kukatikakatika bila kuugusa, akaenda upande wa kwao. Kutoka kwa mama mdogo na mama yake alipitisha mstari mmoja juu, ule wa ndugu wa tumbo moja, akaurefusha, akateremsha mwisho wake na kuchora duara jingine. Duara langu. Bega kwa bega na mama yake. Hakumwondoa mtu mahali pake. Alinisogezea kiti tu.

"Mama nilikuwa naye," akasema, sasa bila uwakili wowote. "Nafasi yake sikutaka kumpa mtu. Hii ilikuwa wazi."

Sitaandika nilivyolia. Mume wangu alilia kuliko mimi, na unga ulifanya matope kwenye nyusi zake. Wajumbe walitutoa nje, wakatuita tena: abaki kwetu moja kwa moja, likizo na mapumziko kwa mama mdogo, na mwaka hadi mwaka ustawi watakuja kutuona. Mwenyekiti akaagiza mchoro uingizwe kwenye faili kama ulivyo. Mama mkwe akamwambia viti vyake ni aibu kwa serikali, na kwamba anamjua fundi.

Alhamisi, 8 Mei

Jua limetoka. Asubuhi nilikuwa uani naanika sponji, nikasikia kutoka karakanani, kwa sauti ya kuamsha mtaa, "Mama mkubwa! Kuna mteja!"

Sikuitika. Nilisimama na sponji mkononi.

"Mama mkubwa! Husikii?"

Nilisikia. Nilitaka tu aite mara ya tatu. Alipoita, nikaenda, nikakuta mteja kachoka kusubiri na kuhamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Aende salama.